Jeshi la Marekani bado lina deni kwa Koplo Woodson

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapa kuhusu majeshi ya Marekani na washirika wake kutua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, niliisoma hadi nukta ya mwisho. Majenerali wametajwa, meli zimetajwa, hata hali ya hewa imetajwa. Koplo Waverly Woodson hayumo. Naomba nafasi kidogo nimseme, maana mimi ni muuguzi mstaafu na kazi aliyoifanya siku ile naielewa.

Woodson alikuwa kijana Mweusi wa Philadelphia, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lincoln, aliyeacha masomo yake ya kujiandaa kwa udaktari akajiunga na jeshi. Aliingia mafunzo ya uofisa, lakini akaambiwa hakuna nafasi ya ofisa kwa mtu wa rangi yake. Akafundishwa utabibu wa vitani, akapangiwa Kikosi cha 320, kikosi cha Weusi kilichorusha maputo makubwa yaliyofungwa kwa nyaya za chuma ili ndege za adui zisiweze kuruka chini chini na kuwamiminia risasi askari.

Chombo kilichompeleka ufukwe wa Omaha, mmoja wa fukwe za Normandy, kilipigwa kabla hakijafika nchi kavu. Vipande vya chuma vikamchana paja na makalio. Alifungwa bandeji, akashuka, akaweka kituo cha huduma ya kwanza chini ya ukingo wa mawe, akaanza kazi. Alitoa risasi, alisafisha vidonda, alitundika plazima (sehemu ya majimaji ya damu), alikata mguu wa askari mmoja uliokuwa hauna matumaini. Saa 30 alifanya hivyo, huku yeye mwenyewe akivuja damu, na waliopita mikononi mwake wanakadiriwa kufika 200. Kisha, mwili ukiwa umekwisha kabisa, akaitwa kuwasaidia wengine waliotolewa majini wakiwa karibu kufa, akawarudishia pumzi.

Nimewahi kukesha wodini zamu mbili mfululizo. Kufikia saa za mwisho mikono haikutii tena, hata kuupata mshipa wa mgonjwa aliyelala kimya ni shida. Yeye alikuwa na jeraha, kwenye mchanga, mizinga ikilia. Na tukumbuke kwamba Marekani ya wakati ule ilikuwa ikitenga hata damu ya kuongezea majeruhi, ya Weusi mbali na ya Weupe. Wengi wa aliowahudumia Woodson pale ufukweni walikuwa Weupe.

Walimpa Nyota ya Shaba. Wala si kwamba wakubwa hawakujua alistahili zaidi. Katika maktaba ya Rais Truman imehifadhiwa barua ya maofisa wa serikali ya wakati ule wakijadiliana kwamba nishani ya mtu huyu ni kubwa kiasi cha Rais wa wakati ule, Roosevelt, kumvisha kwa mkono wake, kama alivyokwisha kufanya kwa askari Weupe. Halikufanyika. Katika vita vyote vile, Weusi zaidi ya milioni moja walivaa sare ya Marekani na hakuna hata mmoja aliyepewa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kuliko zote, mpaka Rais Clinton alipowatunuku saba mwaka 1997. Kati yao aliyekuwa hai ni mmoja tu, Vernon Baker.

Woodson hakuwemo kati ya wale saba. Sababu iliyokuwa ikitolewa ni upungufu wa nyaraka. Mwaka 1973 moto uliteketeza mamilioni ya majalada katika ghala la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, na wanaoshughulikia suala hili wanaamini jalada lake liliungua humo. Hapa ndipo ninapokasirika, Mhariri. Nyaraka zilikuwa za jeshi, katika ghala la serikali. Inakuwaje mzigo wa kuthibitisha unatupiwa mjane? Bibi huyo aliendelea kudai haki ya mumewe hata baada ya kuvuka miaka 90.

Woodson alifariki mwaka 2005. Mwaka 2024 jeshi lilimpa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, nishani ya pili kwa ukubwa. Wapo wanaosema sasa basi, yamekwisha. Siafiki. Barua ile ya kwenye maktaba ya Truman ipo, na inaonyesha kwamba maofisa walifikiria nishani ya juu zaidi ya Msalaba huo tangu 1944. Ushahidi uliomtosha kupewa ya pili unatosha kumpa ya kwanza, na wabunge wa Marekani wanaolisimamia suala hili wasiliache hapo.

Nanyi gazetini, kila ifikapo Juni mnapoandika habari za Omaha, mwandikeni kwa jina na kwa kikosi chake.

Msomaji wenu,
Muuguzi mstaafu, Morogoro