Wazee wenzangu, tuwapumzishe wazazi hawa

Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 67. Kila Jumamosi alasiri nakaa kwa muda wa saa tatu na mtoto wa jirani yangu, mvulana wa miaka 9 mwenye usonji (autism, hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti), ili mama yake apumzike.

Siku ya kwanza nilikosea. Niliingia kwa sauti ya darasani, nikampapasa kichwani. Akaziba masikio, akajikunyata nyuma ya mlango. Mama yake akanieleza taratibu kwamba kelele na kuguswa ghafla humuumiza kweli. Si ukaidi, wala si malezi mabaya. Sasa nabisha hodi mara mbili, nakaa kiti kilekile, nasubiri. Yeye hupanga vifuniko vya chupa kwa rangi, mstari mrefu hadi mlangoni. Baada ya miezi minne alinitia kimoja mkononi, cha buluu. Hasemi, lakini nilielewa nimepewa zamu.

Na mama? Nilidhani angetoka kutembea. Alilala. Tangu mwanawe aanze kutembea hajathubutu kulala mchana, maana hutoka nje asijue hatari.

Kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya usonji, tunasoma mengi kuhusu watoto hawa. Wazazi hatuwaulizi wamelala kwa muda wa saa ngapi. Wazee wenzangu, muda tunao na subira tunayo. Ila tusikurupuke: kwanza tukae na mtoto mzazi akiwapo, atufundishe. Mimi nilikaa hivyo majuma matatu kabla mama huyu hajafunga mlango wa chumba chake.

Mwalimu mstaafu