Barua ya wazi kwa wanangu mnaoficha mchepuko

Wanangu,

Ninyi mliochepuka, waume kwa wake, matusi mtayapata kwingine. Mimi nina moja tu: mzigo wenu msimtwishe mtu mwingine, hasa mtoto.

Katika vikao vya usuluhishi nilivyokalishwa, fumanizi halinishangazi tena. Kinachoniuma ni kukuta mtoto alijua kabla ya mama yake. Alikuwa kiti cha nyuma siku baba aliposimamisha gari kwenye geti la watu, akapewa simu acheze, akaambiwa, "Usimwambie mama." Jioni mama anauliza mbona mmechelewa, mtoto anainamia sahani yake. Ana miaka 7, na siku wazazi wakiachana atadhani yeye ndiye aliyeharibu.

Hatia nayo ina vituko. Huyu analeta zawadi zisizo na sababu, yule anazusha ugomvi juu ya chumvi kwenye mchuzi ili apate pa kutokea. Simu inalazwa kifudifudi, inaingia hadi bafuni. Mwenzio si mjinga, jamani.

Kwanza kata huko nje. Kukata, si kupunguza. Kisha nenda kapime. Kama hukutumia kinga na saa 72 hazijapita, wahi kituo cha afya uulizie PEP, dawa za kuzuia VVU. Humezwa siku 28. Kama zimepita, kipimo cha leo kisikupe moyo, maana cha haraka kinaweza kuchukua hadi miezi 3 kuonyesha maambukizi. Kaswende nayo hukaa mwilini kimya. Mpaka upate majibu ya uhakika, usimguse mwenzio bila kondomu, na akiuliza kwa nini, hapo huna tena haki ya kuficha.

Usiungame usiku wa manane ili wewe upate usingizi. Chagua saa ambayo watoto hawapo, sema ulichofanya, acha ya chumbani asiyouliza, wala usilie kumzidi. Kama ni mtu wa kupiga, usiwe naye peke yako. Akitaka kwenda kwao, mbebee begi. Mtoto uliyemfunga mdomo umfungue wewe mwenyewe, umwambie hukupaswa kumpa siri ile.

Mkituita wazee, tuambieni yote. Nimewahi kupatanisha watu asubuhi, jioni mtoto wa nje akaletwa mlangoni.

Mzee wenu.