Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ufundi: paja halisomi kalenda yako

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza ziligongwa mhuri wa kupokelewa, na mpaka leo hatujui zimelala kwenye droo gani. Safari hii tunaandika hadharani, maana Jumamosi ulikuwa jukwaani ukajionea: mkimbiaji wa njia ya 4, mita 60 tu, mkono ukaenda nyuma ya paja. Msuli uleule ulikuwa umechanika siku 19 kabla.

Alikimbilia nini? Posho. Kanuni yako inasema asiyemaliza mchujo anatolewa kambini, na posho inakatika. Basi vijana wanaficha: plasta chini ya kaptula, kidonge cha maumivu, "niko fiti, kocha." Kidonge kinazima maumivu, hakiungi nyuzi.

Wewe ni mtaalamu, lakini tukumbushane. Msuli wa nyuma ya paja huchanika zaidi mguu unapotupwa mbele, unyayo ukikaribia kugusa chini. Hapo msuli umevutika, na papo hapo unatakiwa kuufunga mguu breki. Ndiyo maana mtu hupanda ngazi na kukimbia polepole bila kuumia, na bado hajapona. Kambini anapimwa kwa kuchuchumaa. Kuchuchumaa, Mheshimiwa!

Mlaze kifudifudi, akunje goti huku umemzuia kisigino, ulinganishe nguvu za miguu yote miwili. Upungufu ukizidi asilimia 10, bado. Mgeuze chali, uinue mguu ukiwa umenyooka. Ufike ulipofika mwenzake bila yeye kushtuka. Ndipo aanze kukimbia mita 60 kwa asilimia 60 ya kasi yake, halafu 70, halafu 80, kila hatua ikifuatwa na siku ya mapumziko. Jibu hulipati uwanjani, unalipata kesho yake asubuhi: paja likiamka limekaza, anarudi hatua moja. Viatu vya misumari vinakuja baadaye, kona na bloku za kuanzia mbio mwisho kabisa. Wapo wanaopona kwa wiki 3. Kano ya ndani ya msuli ikiguswa, hesabu miezi.

Na kile chumba cha kusubiri! Vijana wanapasha misuli moto, kisha wanafungiwa humo hadi wanapoa. London mwaka 2017, Usain Bolt alianguka fainali ya kupokezana kijiti, na wenzake walilalamikia kusubirishwa hukohuko. Kama ni Bolt, sembuse hawa?

Mnapenda pia kuwaonyesha video ya Mwingereza Derek Redmond, Olimpiki ya Barcelona 1992, akichechemea kwenye mbio za mita 400 begani mwa baba yake. Miaka minne kabla alikuwa amejitoa Seoul kwa sababu ya kano ya kisigino. Hicho kipande cha Seoul hamkionyeshi.

Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, wa kudumu uliyemwahidi mwaka jana bado tunamngoja. Ilikuja meza ya kukandia misuli, na nailoni yake haijabanduliwa.

Hatuombi mengi. Futa kifungu cha posho, aliyeumia apimwe kwa uwezo wa mguu, asipimwe kwa tarehe. Ukiona hilo ni zito, futa kifungu tu. Yule wa njia ya 4 alijikokota hadi mstari wa mwisho, akamaliza. Kwenye orodha iliyobandikwa Jumatatu, jina lake halipo.

Wako katika riadha,
Makocha wa mbio fupi