Salamu za Pasaka: Chuo Kidogo cha Raleigh na Nyimbo Zake

Heri ya Pasaka, ndugu na marafiki. Salamu kwa wanakwaya mliokesha na mazoezi hadi sauti zikakauka, kwa wanafunzi mliofika nyumbani na begi zima la nguo chafu, na kwa nyie mliobaki bwenini ughaibuni kwa sababu nauli ya ndege haina huruma.

Mwaka huu salamu zetu zinapitia mjini Raleigh, Carolina ya Kaskazini, nchini Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Shaw. Ni chuo kidogo cha Kibaptisti kilichoanzishwa kwa ajili ya watu Weusi waliotoka utumwani. Tumekichagua kwa sababu ya Pasaka moja, ile ya 1960. Lakini hamtaielewa Pasaka hiyo bila kwanza kuzungumza habari za fedha.

Henry Martin Tupper, mchungaji wa Massachusetts aliyekuwa amepigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alianza kufundisha theolojia hapo Raleigh tarehe 1 Desemba 1865. Vita vilikuwa vimekwisha miezi michache tu kabla. Wanafunzi wake hawakuwa na kitu, na mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo chuo chenyewe na majengo yake vilipata majina ya waliotoa. Elijah Shaw alikuwa na kiwanda cha nguo za sufu. Jacob Estey alikuwa na kiwanda cha vinanda huko Brattleboro, Vermont. Leonard, ambaye shule ya udaktari ilipewa jina lake, alikuwa shemeji yake Tupper. Ukizunguka kampasi hiyo ukisoma majina ukutani, ni kama unasoma karatasi ya harambee iliyobandikwa mlangoni mwa kanisa.

Wenyeji nao hawakukaa kungoja. Wanafunzi walifyatua matofali, na yeyote aliyewahi kufyatua anajua hiyo si kazi ya saa mbili baada ya kipindi. Udongo unachimbwa, unalowekwa, unakanyagwa hadi usiwe na donge, ndipo unaingia kwenye kalibu. Ukiuanika kwenye jua kali siku ya kwanza, tofali linapasuka, kwa maana nje kumekauka na ndani bado kuna maji. Tanuri nalo likikosa kuni za kutosha, matofali ya pembeni hayaivi, na mvua moja inayarudisha udongo. Wengine walitoka na kwaya. Walizunguka majimbo ya Kaskazini wakiimba nyimbo za kiroho walizorithi kwa wazee wao, na fedha zikarudi Raleigh. Jumba la Estey, lililoanza kujengwa 1873, lilikuwa la kwanza Marekani kujengwa kwa ajili ya elimu ya juu ya wanawake Weusi. Mpaka leo limesimama.

Sasa tazama. Chuo kilichojengwa kwa nyimbo kinajifunza tabia ya kuimba kila mgeni anapobisha hodi. Miaka hamsini baadaye, wafadhili Wazungu wakija kutembelea, wanafunzi bado waliombwa kuwaimbia zile zile. Hapo ndipo akatokea Ella Baker. Aliingia Shaw 1918 akiwa bado wa sekondari na akamaliza chuo 1927 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Aliombwa kuimba, akakataa. Wasichana walipokatazwa kuvaa soksi za hariri, ni yeye aliyepeleka malalamiko kwa wakubwa, ingawa mwenyewe hakuwa na hata jozi moja. Kisa cha soksi watu hukicheka. Sisi tunadhani ndicho kinachomweleza vizuri kuliko vyeo vyote alivyoshika baadaye.

Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne Weusi wa Greensboro, katika jimbo hilo hilo, walikaa kwenye kaunta ya chakula iliyotengwa kwa ajili ya Wazungu wakagoma kuondoka. Katika wiki chache jambo hilo likaenea miji mingi ya Kusini, lakini kila mji ulikuwa peke yake. Baker wakati huo alikuwa mtendaji wa SCLC, jumuiya ya wachungaji iliyoongozwa na Martin Luther King. Aliomba dola 800 za jumuiya hiyo, akazungumza na chuo chake cha zamani, akawaita wanafunzi Shaw kwa wikendi ya Pasaka, kuanzia Ijumaa Kuu tarehe 15 Aprili hadi Jumapili ya Pasaka tarehe 17. Alitarajia mia hivi. Walikuja zaidi ya hapo, kutoka majimbo 12 ya Kusini na vyuo kadhaa vya Kaskazini.

Aliyewahi kuandaa kongamano la vijana ataona jinsi mama huyu alivyokuwa fundi. Aliwatenga wa Kusini wakutane peke yao kwanza. Wa Kaskazini walikuwa wasemaji wazuri waliosoma nadharia nyingi, na kama wangechanganywa tangu asubuhi, waliotoka kwenye kaunta na mahabusu wangenyamaza kwa kuona haya. Yeye mwenyewe alizungumza kidogo, akawaambia kwamba jambo hili ni kubwa kuliko hambaga.

Wakubwa wa jumuiya walitaka vijana hao wawe tawi lao. Hoja yao haikuwa mbaya, kwani fedha walikuwa wametoa wao na King alikuwa wao. Baker akakataa kuwasaidia katika hilo. Alisema vijana waamue wenyewe, na vijana wakaamua kusimama peke yao. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa SNCC, kamati ya wanafunzi ya kuratibu mapambano yasiyo ya fujo, ambayo miaka iliyofuata ilikwenda kuandikisha wapiga kura vijijini Mississippi mahali ambapo wazee wengi hawakuthubutu. Msichana aliyekataa kuwaimbia wafadhili alikuwa amerudi kwenye viwanja vile vile kuwafundisha wengine kukataa.

Chuo hiki kina nyuzi zinazofika Afrika. Lulu Fleming alihitimu Shaw 1885, akaenda Kongo 1887 kama mmisionari wa Kibaptisti kule Palabala, magharibi ya nchi. Alirudi Marekani kusomea udaktari Philadelphia, akamaliza 1895, akaenda tena Kongo, akapata ugonjwa wa malale na kufariki 1899. Vijana kadhaa wa Kongo walisoma Shaw kwa juhudi zake. Naye Max Yergan, mhitimu wa 1914, alikuja Afrika ya Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, kuhudumia askari na wapagazi wa Kiafrika. Hao wapagazi ni wale wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza, na mkazi wa Dar es Salaam anayekwenda Kariakoo kununua nyanya za pilau ya Pasaka anatamka jina lao bila kufikiri.

Si kila kitu kilichojengwa kilidumu. Shule ya udaktari ya Leonard ilianza kufundisha 1882 kwa mtaala wa miaka minne, wakati shule nyingi za Marekani zikitoa daktari kwa muda mfupi zaidi. Ripoti ya Flexner ya 1910, iliyokagua shule za udaktari za Marekani, ikataka maabara na hospitali za gharama ambayo chuo cha sadaka hakingeiweza, na kati ya shule saba za udaktari za Weusi ikapendekeza mbili tu zibaki. Leonard ikafungwa 1918. Halafu tarehe 16 Aprili 2011, Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi, kimbunga kilipita Raleigh, kikaharibu majengo ya Shaw, na chuo kikafunga muhula kabla ya wakati wake. Pasaka ile wanafunzi waliisherehekea makwao.

Turudi kwa Estey. Kiwanda chake kilitengeneza vinanda vya kukanyaga zaidi ya nusu milioni kabla ya kufungwa 1960, mwaka ule ule wa Baker. Kama kanisani kwenu kuna kinanda cha aina hiyo, cha Estey au cha mwingine, fahamuni kwamba nyayo mbili zile hazisukumi hewa, zinainyonya. Ndiyo maana vumbi lote la kanisa huishia ndani yake. Noti ikiwa bubu, kwa kawaida kuna chembe imekwama kwenye ulimi wa shaba. Noti ikilia bila kuguswa, kuna uchafu chini ya kifuniko cha tundu lake, au mbao imevimba kwa masika.

Jumamosi fungueni mgongo wa kinanda mapema. Toeni ulimi mmoja mmoja na kuurudisha kabla ya kugusa mwingine, kwa sababu zinafanana na ukizichanganya mtaimba Jumapili wimbo usiojulikana. Pigeni mswaki mpya laini kutoka penye ribiti kwenda ncha, kamwe si kwa kukatiza. Msitie mafuta, yanashika vumbi zaidi. Kitufe kilichovimba msikikwangue. Kiangazi kikija kitalegea, na mtakuwa mmeharibu. Kiacheni wazi kipate hewa. Mwisho kanyageni mpaka mvukuto ukaze, inueni miguu, bonyezeni noti moja. Sauti ikikatika papo hapo, kitambaa cha mvukuto kimepasuka, na hapo hakuna dawa ya usiku mmoja: waambieni waimbaji waanze bila kinanda, na mwenye sauti ya kwanza ashike noti vizuri.

Pasaka njema.