Shukrani za familia baada ya kumzika Kocha, baba yetu, Kibosho

Familia ya marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Kocha kwa kuwa alifundisha ngumi, tunawashukuru kwa dhati wote mliokuwa nasi tangu siku za kumuuguza hadi tulipompumzisha kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, Kibosho. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Si rahisi kumfikia kila mmoja, hivyo tunaomba mpokee salamu hizi kwa pamoja. Madaktari na wauguzi wa KCMC, asanteni. Baba Paroko, jumuiya na kwaya. Majirani wa Majengo mliofunga maturubai kabla hata sisi watoto hatujafika kutoka Arusha na Dar. Akina mama mliomenya ndizi hadi usiku wa manane. Kamati ya mazishi na wote mliotuma rambirambi: Mungu awazidishie pale mlipopunguza.

Ninyi mabondia wake, tunawashukuru kwa namna ya pekee. Mlilibeba jeneza kwa zamu tangu barabarani, na utelezi wote ule wa mgombani, mikono yenu ikiwa imefungwa bandeji kama alivyowafundisha: kifundo kwanza, kisha kiganja, halafu kati ya vidole, bila mkunjo hata mmoja. Mama alipoiona ile mikono ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba utokee.

Wengi mliuliza kwa nini picha ya bondia Muhammad Ali wa Marekani, tena akiwa na suti, iliwekwa karibu na ya marehemu. Ilikuwa ukutani sebuleni kwetu tangu tunapata akili. Ali wa Kinshasa, aliyemwangusha George Foreman raundi ya 8 tarehe 30 Oktoba 1974, kwetu huku kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, Baba alimsikia redioni na alimpenda. Lakini Ali ambaye habari zake Baba alimsimulia kila mtoto aliyekuja kujifunza ngumi ni yule wa Houston, 28 Aprili 1967, aliyeitwa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam akakataa kupiga hatua mbele, ishara ya kukubali kuandikishwa, kwa sababu dini yake na dhamiri yake vilimkataza. Akavuliwa ubingwa. Mwezi Juni akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Akakata rufaa, hakulala gerezani kwa hukumu hiyo, ila alikaa miaka mitatu na nusu bila pambano, tangu akiwa na miaka 25 hadi 28, umri ambao bondia ndipo anaiva. Mahakama Kuu ya Marekani ilimfutia hatia 28 Juni 1971, majaji 8 kwa 0. Ile miaka hakuna aliyemrudishia.

Baba hakumfanya malaika. Mwaka 1980 Ali alikuja Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter kuishawishi Tanzania isiende Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi walimuuliza Marekani ilikuwa wapi mwaka 1976, Afrika iliposusia Montreal kwa ajili ya ubaguzi wa Afrika Kusini, naye akakiri kwamba mengi hakuwa ameelezwa. Tanzania ilikwenda Moscow, na wanariadha wetu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Baba alimheshimu Ali zaidi kwa kukiri kule.

Baba naye alipitishwa kwenye mtihani wake. Miaka ile ya foleni za sukari, akiwa bingwa wa mkoa ngumi za ridhaa, aliletewa bahasha ajiangushe raundi ya pili. Aliirudisha mbele ya watu, akapigana, akashinda. Baada ya hapo jina lake halikuonekana tena kwenye timu. Mama ndiye aliyetuambia haya, usiku wa mkesha. Baba mwenyewe hakuwahi kulalamika. Alirudi kukoboa kahawa, jioni akafundisha watoto wa watu uani.

Mwenye kumdai marehemu, au anayedaiwa naye, amwone baba mdogo, Kibosho. Mazoezi yanaendelea pale pale Majengo, jioni kama kawaida. Glovu zote zipo, ufunguo anao kaka yetu mkubwa. Wazazi waleteni watoto, wa kike na wa kiume. Ada hakuna, kama siku zote.