Mbia si kila unayefanya naye kazi

Mhariri,

Mimi ni katibu muhtasi kwa miaka 22 sasa, na neno likikaa pasipo pake huninyima raha. Wiki iliyopita tulimuaga mzee mmoja aliyestaafu. Kadi yake iliandikwa kwa wino wa bluu: "Kwa mbia wetu mpendwa." Aliisoma mara mbili, akaifunga taratibu.

Mbia wa nini? Mbia ana fungu lake katika biashara; faida ikipatikana hugawiwa, hasara ikija humkumba. Yule mzee alikuwa na mshahara tu.

Mshirika naye ni wa jambo: mmekubaliana kulitenda, hata kama hamjawahi kukaa ofisi moja. Ndiyo maana hata wizi una washirika. Mwenza hufuatana na cheo, kama mwenyekiti mwenza au mgombea mwenza. Mdau siku hizi limekuwa kapu la kila mtu, nami silitumii kwa mtu ninayemjua kwa jina.

Lakini neno ninalolipenda ni mwenzangu. Halitaji cheo wala fungu. Ukiniambia "mfanyakazi mwenzangu anaumwa", nimepata taarifa ya kazini. Ukisema "mwenzangu anaumwa", najua jioni utapita kumjulia hali. Na mtu akifariki hatusemi mbia ametutoka; tunasema mwenzetu.

Niliiomba ile kadi, nikakata "mbia" kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake "mwenzetu". Mzee akaitia mfuko wa shati.

Msomaji wako,
Katibu muhtasi