Matawi yaliyofyekwa yasikimbiliwe kuchomwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenye mashamba na misitu midogo ambao, wakishapogoa na kufyeka, hukimbilia kiberiti. Sungura wa porini wa Amerika Kaskazini, wale wenye mkia mweupe kwa chini, kwa kawaida hawachimbi mahandaki kama wenzao wa Ulaya. Kinga yao ni kichaka, au shimo lililoachwa na mnyama mwingine. Kichaka kikiondoka, mwewe, bundi na mbweha huwakuta peupe. Lundo la matawi laweza kuziba pengo hilo, tena bila gharama.

Ila si kila lundo linafaa, na wenye nia njema wengi hukwama hapa. Matawi membamba yakitupwa ovyo chini hushikana, sungura akakosa pa kupenya. Kazi yote iko kwenye msingi. Magogo yenye unene wa sentimita 10 hadi 15 yalazwe sambamba, yakiachana sentimita 20 hivi, kisha safu ya pili ikingamishwe juu yake. Hapo hupatikana vichochoro vyenye milango mingi: akifukuzwa upande huu, anatokea ule. Ndipo yafuate matawi makubwa, na mepesi yaezeke juu. Upana wa mita 4 na kimo cha karibu mita 2 vinatosha.

Pahali pazuri ni ukingoni, msitu unapokutana na majani, maana sungura hapendi kulisha mbali na maficho. Maji yasituame hapo, wala pasiwe chini ya mti mkavu anapotua mwewe. Bustani ya mboga nayo iwe mbali, labda kama unampandia yeye! Mbao zenye dawa, matairi na plastiki visiingie kabisa.

Wanaosema lundo huleta nyoka na panya hawasemi uongo. Kwa hiyo lisikaribie nyumba, pia kwa kuhofia moto wakati wa kiangazi.

Miaka ikipita matawi huoza na lundo hudidimia. Lisifumuliwe, liongezewe matawi mapya juu. Na aliyekwisha kurundika akikusudia kuchoma, kisha akaliacha wiki kadhaa, ajue huenda limepata wapangaji. Alihamishe tawi kwa tawi kabla ya kuwasha.

Msomaji wako